Samaki Wawili wa Bruda Mzee

Wengi wenu mnamjua samaki akiwa sahanini. Mimi nami nilizaliwa kando ya ziwa la Tanganika, na tangu utoto wangu niliwaona ndagala wakianikwa mchangani na mikeke wakichomwa motoni. Sikudhani hata mara moja kwamba mtu aweza kumfuga samaki kama afugavyo kuku, wala kwamba siku moja nitamsikitikia samaki aliye mfupi kuliko kidole changu. Hayo yalinipata Mombasa, mji wa pwani ya Kenya, nilipotumwa huko kusoma kwa muda wa miaka 2.

Katika nyumba yetu ya huko alikaa Bruda mmoja mzee, ambaye alikuwa amefundisha elimu ya viumbe kwa miaka mingi. Chumbani mwake, juu ya meza imara, palikuwa na sanduku la kioo. Urefu wake ulikuwa sentimeta 60, upana wake sentimeta 30, na ndani yake mlikuwa na lita 60 za maji ya bahari. Sanduku la namna hiyo huitwa akwariamu. Mashine ndogo ya umeme ilipuliza hewa majini mchana na usiku. Chini palikuwa na mchanga mweupe, mawe machache, na chungu kimoja kilicholazwa ubavu. Katika chungu hicho walikaa samaki wawili.

Rangi yao ilikuwa ya chungwa hafifu, na mstari mweupe ulipita mgongoni toka kichwani mpaka mkiani. Mkubwa alikuwa jike, naye mdogo alikuwa dume. Wazungu huwaita samaki wa jamii hiyo wachekeshaji, kwa kuwa wengi wao wana rangi kali na mistari, kama mavazi ya mchekeshaji katika michezo.

Baharini samaki hao hukaa pamoja na mnyama mmoja wa ajabu afananaye na ua. Hana mifupa, naye hushika mwamba kwa mguu wake laini. Vidole vyake vingi vina sumu, na samaki mdogo mgeni akivigusa huchomwa na kuliwa. Lakini samaki mchekeshaji ana ute juu ya ngozi yake umkingao. Hulala katikati ya vidole vile kama mtoto kitandani, na adui hathubutu kumfuata. Bruda hakumweka mnyama huyo katika sanduku lake, kwa maana anahitaji nuru nyingi na maji mengi. Chungu kilishika mahali pake.

Siku moja Bruda aliniita. Alipaswa kwenda Nairobi kutibiwa macho, akae huko majuma 6. Akaniambia, "Nakuachia wanangu hawa. Wape chakula kidogo mara mbili kwa siku, si zaidi. Usitie mkono wenye sabuni ndani ya maji. Maji yakishuka chini ya alama hii, jaza mpaka alama. Kazi ya kuyabadilisha niachie mimi, nitaifanya nikirudi."

"Ndiyo, Bruda, nimeelewa," nikajibu upesi. Kumbe, sikuelewa, wala sikuuliza.

Katika joto la Mombasa maji yalipungua kila siku kama nusu lita. Nikawaza, "Samaki wa bahari ni haki yake apewe maji ya bahari." Basi nikachukua dumu, nikashuka ufukoni, nikateka maji mazuri, nikayachuja kwa kitambaa safi, nikajaza mpaka alama. Nilifanya hivyo bila kukosa hata siku moja, na moyoni nilijisifu.

Juma la tano nikaona ukoko mweupe juu ya ukingo wa kioo. Nikaufuta, nisiufikirie tena. Halafu samaki wakaanza kupumua mbiombio na kuacha chakula. Yule mdogo alilala chini mbele ya chungu, asicheze tena. Nikaogopa, nikazidisha bidii: nikaenda mbali zaidi ufukoni kuteka maji safi zaidi. Mle nyumbani walikuwamo watu ambao ningeweza kuwauliza, lakini niliona haya.

Bruda aliporudi, alisimama mbele ya sanduku kabla hata ya kuweka mzigo wake chini. Alitia majini kipimo chake cha kioo, ambacho huelea juu zaidi maji yakiwa na chumvi nyingi. Kikapanda juu kuliko desturi.

"Ulijaza maji gani?" akaniuliza.

"Ya bahari, Bruda. Si samaki wa bahari hawa?"

Hakunikaripia. Akanipeleka jikoni, akamimina lita 1 ya maji ya bahari katika sufuria, akaiweka motoni. Tukangoja mpaka maji yote yakaisha. Chini ya sufuria ikabaki chumvi nyeupe.

Akasema, "Umeona? Maji huenda zake hewani, lakini chumvi haiendi nayo. Katika sanduku langu yalipungua maji matupu, nawe ukarudisha maji pamoja na chumvi. Bahari yenyewe haijazwi kwa maji ya bahari. Jua huyachukua maji yake, na mvua na mito huyarudisha yakiwa matamu. Hata mto wenu wa Kongo wamwaga maji matamu baharini mchana na usiku."

Kisha tukapiga hesabu. Lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Basi lita 60 zilikuwa na gramu 2,100. Mimi niliongeza nusu lita kila siku kwa siku 42, yaani lita 21, na ndani yake gramu 735 za chumvi. Kila lita ya maji katika sanduku ikawa na gramu 47. Samaki wa bahari hunywa maji ya chumvi, kisha huitoa chumvi nyingi kwa njia ya mashavu yake, pale anapopumulia. Lakini chumvi ikizidi mno, kazi hiyo humshinda.

Hatukuweza kuiondoa chumvi yote kwa siku moja, maana badiliko la ghafula lingewatesa tena. Kila siku tulitoa lita 2 na nusu, tukatia maji ya mvua kadiri ile ile. Kazi hiyo ilichukua siku 7.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta yule mdogo amekufa. Nikamzika bustanini chini ya mpapai. Jike alipona, lakini siku nyingi alizunguka chungu peke yake, akiingia na kutoka. Nilimwendea Bruda, nikamwambia, "Kosa ni langu. Sikujua, na sikuuliza." Akajibu, "Kosa la kwanza ni letu sote wawili, kwa maana nami sikukueleza vizuri. La pili, la kuona haya, ni lako peke yako."

Miezi michache baadaye Bruda alinunua samaki mdogo wa aina ile ile kwa mvuvi mwenye ruhusa ya serikali. Samaki wachekeshaji wote huanza maisha wakiwa madume, na mkubwa wa kikundi ndiye huwa jike. Mwaka 1977 wataalamu Hans na Simone Fricke waliandika habari hiyo juu ya aina hii hii. Basi yule mdogo akawa mume wa mjane wetu. Mwanzoni jike alimfukuza, baadaye wakalala katika chungu kimoja.

Mwaka uliofuata Bruda alipaswa kurudi Nairobi kwa macho yake. Nilidhani atamtafuta mwingine wa kuwatunza samaki. Lakini aliniita mimi tena, akanionyesha alama juu ya kioo, akasema, "Maji yakishuka, jaza mpaka hapa."

"Maji gani, Bruda?" nikauliza.

Akacheka sana, akanikabidhi ufunguo wa chumba.

Watoto, wazee wetu walisema kweli: kuuliza si ujinga. Mtu akikuwekea amana, iwe mbuzi, mtoto au samaki wawili, uliza kwanza, halafu fanya bidii.

MASWALI

1. Samaki mchekeshaji hukingwa na nini asichomwe na mnyama afananaye na ua?
2. Kwa nini maji ya akwariamu yalizidi kuwa na chumvi?
3. Lita 12 za maji ya bahari zina gramu ngapi za chumvi?
4. Bruda mzee alisema makosa yalikuwa mawili. Yataje.
5. Tia chumvi kidogo katika sahani ya maji, uiweke juani mpaka ikauke. Eleza ulichoona.