Tusingoje Programu ya Mazishi

Kwetu Mikinduri, Kaunti ya Meru, familia nyingi huandika historia yake wakati mmoja tu: wiki ya msiba. Kamati ya mazishi ikiketi, mmoja hupewa kazi ya kutafuta picha, mwingine kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, na vyote lazima vimfikie mpiga chapa kabla ya siku ya maziko. Maisha ya miaka sabini huandikwa kwa usiku mmoja, na aliyekuwa na majibu ndiye anayelala mochari.

Mjomba wangu alipofariki, kazi ya picha ilinifikia mimi. Nilipekua simu za jamaa, nikapekua makabati, mwishowe tukaikuza picha ya kitambulisho chake hadi uso ukaingia ukungu. Mjomba alifunga miraa kwa majani ya mgomba miaka mingi, mzigo ukikimbizwa hadi uwanja wa ndege Nairobi ili ufike London ungali mbichi. Uingereza ilipopiga miraa marufuku Juni 2014, biashara yake ilianguka, akaanza upya na ng'ombe wa maziwa. Katika programu tuliandika kwamba alikuwa mfanyabiashara, basi. Niliposomewa neno lile kaburini niliumia sana, nikaamua kwamba walio hai katika ukoo wetu wataandikwa wakiwa hai.

Msiba ulipokwisha nilimwendea nyanya yangu, tunayemwita Juju, nikamwomba anionyeshe picha zake. Alitoa bahasha ya kaki sandukuni. Ya kwanza ilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, kingo zake zimekatwa menomeno. Yumo yeye, msichana, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, saa mkononi, viatu vyeupe miguuni.

"Juju, kumbe ulikuwa na saa?" nikamuuliza.

"Saa ni ya mpiga picha, mwanangu. Viatu ni vya dada yangu, na vilinibana. Lakini gauni ni langu. Nililinunua kwa pesa za kahawa, pesa zangu za kwanza."

Niliyaandika maneno hayo palepale, kama alivyoyatamka. Hapo ndipo kitabu chetu cha familia kilipoanza.

Hakikuhitaji fedha nyingi. Nilinunua kaunta buku yenye jalada gumu, gundi na penseli. Picha za asili sizibandiki. Nilizipeleka saiba zikatolewa nakala, na nakala ndizo zinazoingia kitabuni. Zenyewe nimezitia kwenye bahasha, moja moja, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na moshi wa jikoni, unyevu wa masika na mchwa. Nyuma ya kila picha naandika kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kuchafua uso. Zile albamu za zamani zenye kurasa za kunata tulizifungua polepole, maana gundi yake huleta umanjano na kuishika picha hadi ichanike.

Maelezo ndiyo kazi kubwa kuliko kubandika. Kwetu majina ya babu na nyanya huwarudia wajukuu, kwa hiyo kuandika "Kathure" peke yake hakumtambulishi mtu. Tunaandika ni binti wa nani, ameolewa wapi, na picha ilipigwa siku gani. Tarehe isipojulikana, hati hutusaidia. Cheti cha KCPE hakiwezi kuwa cha kabla ya 1985. Barua iliyoandikwa Wilaya ya Nyambene ni ya baada ya sisi kutengwa na Meru katika miaka ya 1990. Ikiwa ni Kaunti ya Meru, ni ya enzi ya ugatuzi. Kwa hiyo kadi za ubatizo, stakabadhi za chama cha ushirika cha kahawa na ripoti za shule nazo zina kurasa zao.

Zipo pia kurasa zisizo na picha. Musa Mwariama, mpiganaji wa Mau Mau kutoka hapa Tigania, alipigwa picha akiwa pamoja na Jomo Kenyatta, na Wakenya wengi wameiona. Nyanya hana picha hata moja ya miaka ile ya Mau Mau. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa msichana mdogo, naye anakumbuka mama yake akitoka usiku na kikapu cha chakula na kurudi mikono mitupu, bila kusema neno. Ukurasa huo una maneno yake tu, na ndio tunaousoma mara nyingi zaidi.

Kitabu hiki kimetubadilisha. Zamani, Desemba tukikutana, wazee walikaa upande wao na vijana walizama katika simu zao. Sasa simu hizohizo ndizo zinazorekodi sauti ya nyanya. Binti yangu ndiye mwandishi wa maelezo, kwa kuwa hati yake inasomeka. Ndugu yangu aliye Nairobi hutuma picha kwa WhatsApp akiuliza, "Huyu wa kushoto ni nani?" na shangazi zetu hujibu kabla ya jua kuzama. Nami nimekuwa mtu wa kuuliza na kunyamaza nisikie, jambo ambalo sikuwa nalo.

Ndugu msomaji, usingoje albamu nzuri wala picha zote zikusanyike. Jumapili hii chukua picha moja ya zamani, keti kando ya mzee wako, umuulize waliomo ni akina nani na walikuwa wanafanya nini siku ile. Andika jibu lake na tarehe. Fanya hivyo wakati angali anaweza kukusahihisha.