Swali la Ishirini na Sita

Nilipanda daladala ya 502 mpaka Bububu, karatasi mkobani: maswali 25 aliyoyatunga Robert Goodman, daktari wa akili za watoto wa Uingereza, mwaka 1997. Mzazi hujibu si kweli, kweli kiasi, au kweli kabisa. Mtoto wa marehemu dada yangu analelewa na mama, na Kidongo Chekundu mama hataki hata kukusikia. Huko ni kwa wendawazimu, basi.

Alijibu upesi upesi. Tumbo? Kweli kabisa, kila asubuhi ya skuli. Woga? "Huyu? Kivuli chake anakikimbia." Kwenye huzuni akakwama, akatazama mnazi uwani. "Andika unavyoona."

Tulipomaliza akasema: "Na mie, mwanangu, hamna pa kuniandika?"

Dodoso refu lina sehemu inayouliza kama tabu za mtoto zinailemea familia. Langu lilikuwa ukurasa mmoja. Nilibana wino, nakiri. Na mimi nilishasahau kwamba dada alikuwa mtoto wa mtu.

Nikageuza karatasi, nikaandika jina la mama juu.

"Haya. Usingizi unaupata?"

Akavua miwani. "Nianzie wapi? Tangu siku ya maziko?"