Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Diski Ibaki Nyumbani



Kompyuta ya mezani katika nyumba zetu za Pwani imekuwa sanduku la amana. Ndani ya ile yetu, hapa Mombasa, mna hesabu za chama cha akina mama wa mtaa, na mna picha za usiku wa kupamba wa binti yetu, zilizopigwa na mwanamke kwa sharti kwamba wanaume wasio maharimu zake hawatazitazama. Kwa hiyo ilipokataa kuwaka, wiki moja kabla ya chama kugawana fedha za Idi, bei ya matengenezo ilikuwa wasiwasi wetu mdogo. Fundi mmoja tuliyempigia simu alihukumu bila kuiona: madabodi imeungua, ileteni nzima. Binti yetu akasema heri diski ivunjwe kuliko kutoka nyumbani. Mama akamjibu, "Na fedha za watu, mwanangu?"

Twapenda dada zetu wajue jambo ambalo wengi hulidhania kinyume: kompyuta kutowaka si kupotea kwa yaliyomo. Hesabu na picha hukaa katika diski, nayo ni kifaa cha peke yake, chenye kebo mbili na aghalabu skrubu nne. Waya wa umeme ukishachomolewa, mwenye bisibisi huitoa kwa dakika chache na kuifungia kabatini. Fundi atafutaye kwa nini mashine haipati umeme hana haja nayo.

Tuliitoa kwanza. Kisha tukaufuata umeme kutoka ukutani, kama mtu afuataye mfereji atafute pale maji yalipokatikia. Tulichomeka taa katika soketi ile ile, ikawaka. Plagi zetu za meno matatu zina fyuzi ndani, na ikikatika, waya huonekana mzima ilhali haupitishi kitu. Tukaazima waya wa skrini, wenye kichwa kile kile, hali isibadilike. Swichi ya nyuma ilikuwa upande wa 1, si 0. (Baadhi ya kompyuta kuukuu zitokazo ng'ambo zina kiswichi chekundu cha 115 na 230, kwetu Kenya, ambako umeme ni volti 240, lazima kisome 230.) Tukachomoa waya, tukashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki iishe, tukachomeka tena. Si mlio, si mwanga.

Tulipofungua ubavu wa kasha tuliona kijitaa cha kijani kikiwaka juu ya madabodi. Si kila madabodi inacho, lakini kikiwapo na kikiwaka, umeme wa kusubiri, wa volti 5, unafika kutoka pawa saplai. Basi hukumu ya yule fundi ikaanza kutetereka, na shaka ikahamia kwenye kitufe chenyewe, ambacho kazi yake ni kugusanisha pini mbili kwa nukta moja tu. Kijana wetu akazigusanisha kwa ncha ya bisibisi, kwa mkono mtulivu. Feni ikazunguka.

Kitufe kilikuwa kimeliwa na kutu. Upepo wa chumvi huku kwetu hula hata bawaba za milango, seuze vibati vyembamba kama vile.

Pawa saplai hatukuifungua, wala msiifungue nyinyi: kapasita zake hushika umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa. Kijitaa kisingewaka, tungepeleka kasha kwa fundi bila diski.

Waya za kitufe cha kuanzisha upya tulizihamishia kwenye pini zile mbili, tukairudisha diski mahali pake. Hesabu zilichapishwa Jumatano, na akina mama wakapokea fedha zao Alhamisi baada ya Alasiri.