Shajara ya Chumba cha CT

Jumatatu, 3 Februari 2025. Calgary

Zamu nzito. Mzee wa miaka sabini na kitu amepigwa na kiharusi, upande wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Picha ilionyesha mshipa mkubwa wa kati wa ubongo, upande wa kushoto, umezibwa na bonge la damu. Daktari alihesabu alama na kupata 5.

Hesabu hiyo ilibuniwa katika mji huu huu na kuchapishwa mwaka 2000. Eneo linalolishwa na mshipa huo hugawanywa sehemu 10, na kila sehemu iliyoanza kuharibika hupunguza alama moja. Mwenye 10 ubongo wake haujaonyesha madhara yoyote. Mwenye 0, eneo lote limeguswa. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa alama 5 hakupelekwa kutolewa bonge. Usiku huu amepelekwa. Mrija mwembamba umepitishwa kinenani hadi kichwani, bonge limevutwa, damu imepita.

Mkewe anatoka Mombasa, Kiingereza chake ni kidogo, nikaitwa nimtafsirie. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo picha yasemaje? Atanena tena?" Daktari alijibu kwa uangalifu nami nikatafsiri: "Mama, picha inatuonyesha kilichoharibika mpaka sasa. Kunena na kutembea kutategemea pia siku hizi za mwanzo na mazoezi."

Jumatano, 5 Februari

Swali la yule mama limenikaa. Picha inaweza kutabiri nini hasa?

Mshipa mkubwa ukiziba, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006, mgonjwa wa kawaida hupoteza chembe za neva milioni 1.9 kila dakika. Lakini watu hawapotezi kwa kasi moja. Wengine wana mishipa midogo ya pembeni inayopitisha damu kwa njia nyingine na kuliweka hai eneo lililo hatarini kwa saa nyingi. Saa ya ukutani haiyaoni hayo. Picha ya mishipa iliyotiwa dawa inayaona.

Ndiyo maana utafiti wa ESCAPE, ulioongozwa kutoka hapa Calgary na kuchapishwa mwaka 2015, uliwachagua wagonjwa kwa picha: eneo lililoharibika liwe dogo, mishipa ya pembeni iwe inafanya kazi. Walikuwa wagonjwa 316. Baada ya siku 90, asilimia 53 ya waliotolewa bonge walikuwa wanajitegemea, dhidi ya asilimia 29 ya waliopata tiba ya kawaida peke yake. Vifo vilikuwa asilimia 10 dhidi ya 19. Mwaka 2018 tafiti za DAWN na DEFUSE 3 zikaonyesha kwamba aliyechaguliwa vizuri kwa picha hunufaika hata akitibiwa saa nyingi baada ya kuugua. DAWN ilifika hadi saa 24.

Jumapili, 9 Februari

Leo naandika kwa uchungu kidogo. Kipimo cha alama kilichowafungulia wengi mlango kiliwafungia wengine. Alama zikishuka chini ya 6, jibu likawa: amechelewa, hatapona, asisumbuliwe. Na kwa kuwa hakutibiwa, kweli hakupona, na utabiri ukaonekana sahihi.

Mwaka 2022 madaktari wa Japani walichapisha utafiti wa wagonjwa 203 wa aina hiyo, wenye alama 3 hadi 5. Waliotolewa bonge, asilimia 31 waliweza walau kutembea bila kushikwa; wasiotolewa, asilimia 12.7. Kuvuja damu kichwani kuliongezeka, na hilo lisifichwe familia. Lakini mwaka 2023 tafiti kutoka China, Ulaya na kwingineko zilithibitisha kwamba faida ipo. Mzee wetu wa Jumatatu ametibiwa kwa sababu hiyo.

Alhamisi, 13 Februari

Ukubwa wa eneo lililokufa hautoshi kutabiri. Mahali lilipo huamua mengi: kidonda kidogo kwenye njia ya neva za mwendo, ndani kabisa ya ubongo, kinaweza kuupoozesha mkono, na kikubwa mahali pengine kisiuguse. Tena ubongo uliosinyaa kwa umri, au uliochakazwa na presha ya miaka mingi, una akiba ndogo ya kujirekebisha. Hayo yote yanaonekana kwenye picha. Nguvu ya mgonjwa kitandani haionekani.

Watafiti wa Auckland, New Zealand, walitengeneza utaratibu wa kutabiri uwezo wa mkono baada ya kiharusi. Toleo la kwanza lilihitaji picha ya MRI kwa baadhi ya wagonjwa. Toleo la mwaka 2017 liliiacha, na bado lilitabiri sahihi kwa wagonjwa watatu kati ya wanne. Hatua yake ya kwanza, ndani ya siku tatu, ni kumwambia mgonjwa ainue mkono kutoka begani na anyooshe vidole. Akishindwa sana ndipo mashine ya kupima njia ya neva za mwendo huitwa. Hatua hiyo ya kwanza inawezekana Lindi, inawezekana Kilifi, kesho asubuhi, bila kununua chochote.

Jumanne, 6 Mei

Siku 90 za yule mzee zimetimia. Kwa kipimo cha Rankin, kilichoanzia Glasgow mwaka 1957, cha 0 kwa asiye na dalili hadi 6 kwa aliyefariki, amepata 3. Anatembea mwenyewe kwa mkongojo. Mkono wa kulia bado mzito. Maneno yanarudi polepole, ya Kiswahili yakitangulia, naye mkewe amefurahi mno.

Msimamo wangu ni huu. Picha ya ubongo itumike kuchagua tiba, kupanga mazoezi na kuiambia familia ukweli wenye kipimo. Isitumike kumkatia mtu tamaa siku ya kwanza. Na picha nzuri kuliko zote ni ya mgonjwa aliyewahishwa: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, mkimbizeni hospitali saa ileile.