Reli Inaanzia Kidato cha Kwanza

Najua nimepotea. Testi zimefuatana kama mabehewa, na boom nalo lilichelewa, sasa mtu ataandika nini akiwa na njaa? Leo nimepata nafasi kidogo, na nataka tuongee kuhusu treni.

Juzi hapa Mabibo kulikuwa na ubishi chumbani. Si mnajua sisi wa hosteli tuko jirani na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT? Basi rafiki yetu mmoja wa huko alikuja kutusalimia, akaanza kutamba. Serikali inajenga reli, vyuo vinatoa wataalamu, wao ndio wenye nchi. Akanigeukia: "Wewe na ualimu wako utabaki kuipungia mkono treni ikipita." Tukacheka wote. Ila lile neno lilinikaa, maana hata nyumbani kuna wanaodhani nilisomea ualimu kwa kukosa pengine.

Nikaanza kupiga hesabu. Jiwe la msingi la SGR ya Dar hadi Morogoro liliwekwa Aprili 2017. Abiria wakaanza kusafiri Juni 2024. Miaka 7. Sasa mchukue mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2017. Amemaliza cha nne mwisho wa 2020, ameingia chuo 2021, stashahada miaka 3, katoka 2024. Yaani kipande cha reli na fundi wake wamekamilika mwaka uleule! Kwa hiyo ukitaka fundi awepo siku treni inaanza, anza kumwandaa siku unayomwaga kokoto ya kwanza.

Wazee wetu waliliona hili. TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kuanzia 1970. Mwaka 1972, reli haijafika hata mpaka wa Zambia, vijana kama 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli. Chuo kiliitwa Northern Jiaotong. Siku hizi kinaitwa Beijing Jiaotong, na ndicho hichohicho kilichopokea vijana wa Kenya kuanzia 2016, kabla treni ya Mombasa na Nairobi haijazinduliwa mwaka 2017. Na treni ile ilipoanza, walikuwepo madereva wasichana waliofunzwa China. Wasichana wenzangu, mmesikia?

Lakini kupeleka watu nje ni mwanzo tu. Waliosoma 1972 wameshastaafu. Kinachobaki ni chuo cha nyumbani, ndiyo maana TAZARA ilikuwa na chuo chake Mpika, na sisi tuna chuo cha reli Tabora cha miaka mingi. SGR yetu ni ya umeme, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, ishara zake zinaongozwa na kompyuta. Huwezi kuyafundisha hayo kwa chaki peke yake. Shirika la reli lina treni na karakana, chuo kina walimu na wanafunzi, na serikali ndiyo inayosaini mikataba na wajenzi. Hawa watatu wasipokaa meza moja, mwanafunzi anamaliza na cheti kizuri huku hajawahi kushika spana kwenye behewa. Na akienda field asigeuzwe wa kutumwa chai! Hata mwalimu wake arudi karakana kila baada ya muda, maana mitambo inabadilika na desa lake la zamani halibadiliki.

Sasa nije kwenye ualimu wangu. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipewa fizikia kidato cha pili, darasa limejaa hadi dirishani, maabara ni kabati moja lenye kufuli. Mada ilikuwa mwendo katika mstari ulionyooka. Nikaachana na mfano wa gari wa kwenye kitabu, nikawapa treni. Treni iko kilomita 160 kwa saa, breki zinapunguza mwendo wake kwa mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Itasimama baada ya umbali gani? Wakakokotoa: karibu mita 990. Nikawaambia wapunguze mwendo uwe nusu, 80. Wengi wakadhani umbali utakuwa nusu. Jibu ni kama mita 247, robo! Darasa likalipuka kwa kelele. Binti mmoja wa nyuma, ambaye wiki nzima hakuwa amefungua mdomo, akanyoosha mkono: "Madam, kwa hiyo dereva anatakiwa aanze kusimama kabla hajaiona stesheni?"

Jamani! Kile ndicho anachofundishwa dereva wa treni.

Chuo hakiumbi mtu, kinapokea aliyetoka sekondari. Binti yule akiikimbia fizikia kwa sababu ya kabati lenye kufuli, serikali na vyuo wakae vikao hata mia, hawatampata.

Kwa hiyo jibu langu kwa jirani ni hili: vipande vya kuelekea Mwanza na Kigoma bado vinajengwa. Watakaoviendesha wengine wako kidato cha kwanza leo. Nani yuko nao darasani? Siyo wewe, kaka.

Na nyie wa ualimu wa sayansi, kule mlikokwenda field maabara zilikuwaje? Mniambie. Ngoja nikawahi foleni ya maji.