Sanduku la Katuni la Kaka Yetu



Mwaka 2009 kaka yetu alihamia Kolwezi kutafuta kazi, akatuachia hapa Lubumbashi sanduku moja la bati, lile ambalo kwetu huitwa kantini. Ndani yake mlikuwa na vitabu na magazeti ya katuni, jumla 143. Alitukabidhi ufunguo, akasema: «Mvitunze, watoto watavisoma.»

Ilikuwa mali ya miaka mingi. Mlikuwa na magazeti ya Kouakou, ambayo Ufaransa iliyatoa bure kwa wanafunzi wa Afrika, na ambayo yalitufundisha Kifaransa kuliko daftari letu la shule. Mlikuwa na vitabu vya Bingo vya marehemu Mongo Sisé, vya miaka ya 1980, na vya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Mlikuwa pia na vijitabu tisa vya Kilingala vya Papa Mfumu'eto, vile vilivyoanza kuuzwa barabarani Kinshasa mwaka 1990, ambavyo shemeji yetu alituletea kidogo kidogo kila aliposafiri. Leo karatasi za msanii huyo zinahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Sisi tulikuwa na hivyo tisa chini ya kitanda.

Tena kaka yetu alikuwa na desturi yake. Nyuma ya kila jalada aliandika kwa wino wa zambarau tarehe aliyopata kitabu, bei kwa zaire, na jina la aliyempa. Tulimcheka kwa hilo tulipokuwa wadogo.

Basi tuliamua kuvitunza kwa bidii yote. Kwa kuwa watoto wa kiwanja walikuwa wamezoea kuviazima, tulikataza. Tulifunga vitabu kumi kumi katika mifuko ya nailoni, tukaziba kila mfuko kwa skochi, tukatia nafutalini, tukafunga kufuli, tukasukuma sanduku pembeni chini ya kitanda hadi likagusa ukuta. Ilikuwa mwezi wa Februari, mvua ikinyesha kila alasiri. Tulijipongeza. Kwa miaka saba hatukulifungua.

Kaka yetu alifariki mwaka 2015. Mwaka uliofuata mwanawe alikuja Lubumbashi kwa masomo, na jioni ya kwanza alisema kwa heshima: «Baba mdogo, nasikia baba aliacha vitabu hapa. Naomba niuone mwandiko wake.» Tulitoa ufunguo kwa fahari.

Harufu ilitoka kabla ya kifuniko kufunguka vizuri. Mifuko ilikuwa na matone kwa ndani, kama kioo cha gari asubuhi ya mwezi wa saba. Vitabu vya karatasi laini yenye kung'aa vilikuwa vimegandana vikawa tofali moja. Tulipojaribu kuzitenganisha kurasa, rangi zilibanduka pamoja. Pini za magazeti zilikuwa zimeshika kutu na kutoboa kurasa za katikati. Vijitabu vya Papa Mfumu'eto vilikuwa vimeota ukungu mweusi na wa kijani. Kijana hakusema neno. Alichukua kimoja kimoja, akatazama nyuma ya jalada, akakiweka chini. Wino wa zambarau ulikuwa umeyeyuka ukawa doa tu.

Tuliokoa vitabu 61.

Tangu siku hiyo tumeuliza watu wanaojua kazi ya kutunza karatasi, tukajifunza kosa letu lilikuwa nini. Karatasi hunywa maji kutoka hewani. Katika mwezi wa Februari ilikuwa imekwisha kunywa, ingawa mkono hauwezi kuhisi. Tulipoifunga katika nailoni tuliyafungia maji humo ndani pamoja nayo. Mbegu za ukungu zimo kila mahali, hata katika chumba kisafi. Zinasubiri tu hewa yenye unyevu unaopita takriban asilimia 65, hewa iliyotulia, na giza. Sisi tuliziandalia vyote vitatu. Ukuta wa nje nao hupanda unyevu kutoka ardhini, na bati likipoa usiku hutoa jasho. Nafutalini hufukuza wadudu kadhaa, lakini ukungu hauijali, na si vema watoto wachanga wavute harufu yake.

Pengine nanyi mna sanduku kama hilo nyumbani, la vitabu, la picha, la barua za babu. Lifungueni wiki hii. Msingoje msimba, wala mgeni.

Kwetu sasa mambo yanakwenda hivi. Vitabu vinafungwa mwezi wa sita au wa saba, wakati hewa ya Katanga ni kavu, si kamwe wakati wa mvua. Kwanza hutandazwa siku mbili kivulini, upepo ukipita. Jua kali hufifisha rangi na kukunja karatasi. Sanduku limeinuliwa juu ya safu mbili za matofali, limeachana na ukuta kwa upana wa kiganja, na ukuta wenyewe ni ule wa ndani unaotenga vyumba viwili. Hatutumii tena karatoni, kwa maana mchwa wa huku huila kabla hawajafikia vitabu. Tunaweka ndani vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Lakini havifai kitu katika sanduku lisilofunga vizuri, na vikisha kushiba unyevu haviendelei kunywa. Hapo chembe zake hupashwa moto polepole katika sufuria kavu, nazo hurudia kazi. Na katika majira ya mvua tunafungua kila wiki ya pili, siku isiyo na mvua, tunapindua kurasa, tunanusa. Pua hujua mapema kuliko macho.

Ukungu ukionekana, usifutwe ukiwa mbichi. Utapakaa na kuingia ndani ya karatasi. Kitabu kitengwe na vingine, kikauke kwanza. Kisha nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa, tunaupangusa kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, kutoka mgongo wa kitabu kuelekea ukingo. Doa litabaki. Tumezoea kuishi nalo.

Juu ya vumbi tulikuwa na dharau, kwa maana mtu wa Lubumbashi huzaliwa ndani ya vumbi jekundu na hulizoea kama jirani. Kumbe vumbi si uchafu wa macho tu. Ni mchanga mdogo unaokwaruza rangi kila ukurasa unapofunguliwa, tena linashika unyevu na kuupa ukungu chakula. Fagio kavu hulirusha juu tu. Likishatulia, linatua vitabuni. Siku hizi chumba kile hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kilichokamuliwa sana, na vitabu vilivyo kwenye rafu vina pazia la pamba mbele yake. Mbabula imehamishiwa uani, kwa maana moshi wa makaa hubeba masizi ya mafuta ambayo brashi haiwezi kuyatoa. Kwa jambo hili mama wa nyumba alitupinga msimu mzima wa mvua, na alikuwa na haki: ni yeye aliyepika akiwa amejikunyata chini ya kibanda. Mwishowe tulimjengea paa la bati. Lilitugharimu kuliko vitabu.

Kuna jambo moja tulilolichelewa. Habari za msiba wa vitabu zilipoenea katika kiwanja, watoto wa zamani, sasa watu wazima wenye ndevu, walianza kuja mmoja mmoja. Kumbe vitabu kumi na viwili vilikuwa kwao tangu kabla ya katazo letu. Vingine havikuwa na jalada, kimoja kilikuwa na alama ya sufuria. Vyote vilikuwa vikavu, na katika vinne mwandiko wa zambarau ulisomeka wote. Kimoja kilisema: 3 Desemba, na jina letu, zawadi yetu kwake. Hatukukumbuka.

Mtoto wa kaka yetu alikisoma hicho kimesimamishwa mbele ya dirisha, akakisoma tena. Kisha aliomba aende navyo vitatu chuoni kwa wiki moja. Tulinunua daftari la kuandikia wanaoazima. Viwili amekwisha kuvirudisha. Cha tatu, kile cha tarehe 3 Desemba, bado anacho, na ni mwaka wa nane sasa.