Ulipima Kabla?

Wasee, leo nimekuja kurudisha maneno yangu mwenyewe.

Mnakumbuka ile video ya Forester ya kazin, ile niliandika "sifuri hadi mia kwa sekunde 5.9, farasi 300"? Hakuna kitu nimewahi kuposti kikaangaliwa vile. Sasa, wiki mbili baadaye jamaa mmoja wa miaka 22 akaniandikia inboksi. Ana Forester kama ile, amejinyima mwaka mzima akaweka elfu 80, na anataka kumpelekea fundi yule yule. Akauliza swali moja tu: "Bro, kabla ya kutyuniwa ilikuwa inachukua sekunde ngapi?"

Manze, nilikaa na simu mkononi kama mtu ameitwa na mwalimu. Hatukuwahi kupima kabla.

Wacha niseme ukweli hizo namba zilitoka wapi. Farasi 300 zilitoka mdomoni mwa fundi. Sekunde 5.9 zilitoka kwa kidole changu: nilibonyeza saa ya simu nikiangalia mshale kwenye dashi, alfajiri, kwenye barabara ya watu wote, tena inateremka kidogo. Hiyo ilikuwa ujinga, na bahati yetu hakuna mtu alivuka.

Halafu mshale wenyewe si shahidi wa kuaminika. Kanuni ya kimataifa inakataza dashi kusoma chini ya mwendo halisi, lakini inaruhusu kuzidisha: asilimia 10 ya mwendo halisi, ongeza kilomita 4. Kwa hivyo dashi ikisema 100, gari linaweza kuwa kwa 88 na hakuna sheria imevunjwa.

Basi tukaomba kijisanduku cha GPS, kile kinasoma mwendo mara nyingi kwa sekunde, tukapata uwanja uliofungwa. Tulikimbia pande zote mbili ili mteremko usitubebe. Upande mmoja 7.8, mwingine 8.2. Wastani, sekunde 8.

Hesabu yake ni ya fomu three. Gari na sisi wawili ndani ni karibu kilo 1,550. Kulifikisha kilomita 100 kwa saa kunahitaji karibu kilojuli 598. Gawanya kwa sekunde 8, unapata kilowati 75, yaani farasi 100 hivi. Huo ni wastani wa nguvu iliyosukuma gari, si kilele cha injini, kwa sababu kuna kuondoka, kubadilisha gia na upepo unaokurudisha nyuma. Kwa 5.9 ingehitaji wastani wa farasi 136. Hiyo tofauti si ya kidole kuchelewa.

Kazin akakasirika, akasema twende kwa daino, ile mashini ya rola. Karatasi ikatoka na farasi 233. Akaanza kucheka, akinionyesha. Nikamwomba yule kijana wa mashini atuonyeshe namba kabla ya marekebisho. Ilikuwa 189.

Hapa ndipo wengi wetu Nairobi tunachezwa. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa liko chini ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Mashini inaongeza namba ili ionyeshe gari lingetoa nini kule chini. Kwa injini isiyo na turbo, hiyo ni sawa. Lakini turbo tayari inajisukumia hewa, inafidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Ukiiongezea marekebisho kamili, unaihesabia farasi ambazo haikuwa imepoteza.

Na hizo 189 zimepimwa kwa magurudumu. Zile 220 za kiwandani za Forester hiyo ya Japani zilipimwa kwa injini, kabla gia na dif hazijakula zao. Kwa hivyo huwezi kuchukua karatasi yetu na ile ya kiwanda ukatoa moja kwa nyingine. Je, tyuni ilisaidia? Mpaka leo kazin hajui. Analojua ni kwamba ekzosi inapiga kelele zaidi, na kelele hukufanya uhisi unapaa.

Nikamwandikia yule jamaa kila kitu. Hakunitusi. Alienda kwa daino ile ile kwanza, gari likiwa vile lilivyo, bila marekebisho: 148. Fundi mwingine akaangalia, akakuta paipu ya turbo inavujisha hewa. Ikafungwa kwa pesa kidogo. Akarudi kwa mashini ile ile: 171. Farasi 23 bila kugusa kompyuta. Pesa iliyobaki bado anayo, na sasa anaongea kuhusu matairi na breki.

Ile video nimeitoa. Najua itaniangushia namba, sawa tu, hazikuwa za ukweli kwanza.

Kwa hivyo mtu akikuambia gari lake ni farasi 300, usibishane. Muulize: kwa injini ama kwa magurudumu? Na marekebisho ama bila? Mashini ile ile, kabla na baada? Na kama ni sekunde, barabara ilikuwa tambarare?

Wewe wa Subaru unayesoma hii, ulipima kabla? Niambie hapo chini, lakini kuja na karatasi.